Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Halmashauri yetu: ruzuku ya chakula cha shule ifike wakati wa mavuno

Kamati ya Chakula, Shule ya Msingi,
kijiji kimoja mkoani Dodoma.
Aprili.

Kwa: Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri ya Wilaya

Nakala: Mwenyekiti wa Halmashauri na Waheshimiwa Madiwani, wasimamizi wa mradi kwa upande wa mfadhili, Afisa Elimu Msingi, Afisa Lishe, Mtendaji wa Kata.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: FEDHA ZA RUZUKU YA CHAKULA NA LISHE SHULENI

Hii ni barua yangu ya nne kwako. Tatu za kwanza nilizipeleka masjala kwa mkono wangu, na nakala zake ninazo, zimegongwa muhuri wa kupokelewa. Ya kwanza nilijibiwa kwa mdomo kwamba suala lipo mezani. Ya pili nilielekezwa kwa afisa mmoja, naye akanielekeza kwa mratibu wa mradi, ambaye siku hiyo alikuwa kwenye semina. Ya tatu haikujibiwa kabisa. Mimi ni mkulima, mama wa watoto watatu, wawili bado wako kwenye shule hii, na wazazi wenzangu walinichagua kuongoza kamati ya chakula ili niwasemee. Nimesema ofisini bila mafanikio. Sasa nasema hadharani, kwa heshima ileile.

Sijataja jina la kijiji wala la halmashauri. Sitaki watoto wetu waje kunyooshewa kidole kwa njaa yao. Wewe unajua barua hii inatoka wapi.

Kwa wasomaji wasiotufahamu, naomba nieleze kidogo. Tangu Januari 2016 elimumsingi inatolewa bila ada, na sisi wazazi tunaishukuru Serikali kwa hilo, maana darasa la kwanza lilijaa watoto ambao wangebaki kuchunga mbuzi. Lakini Waraka wa Elimu Namba 3 wa mwaka 2016 uliacha chakula cha wanafunzi wa kutwa mikononi mwa wazazi. Baadaye ukaja Mwongozo wa Kitaifa wa mwaka 2020 wa huduma ya chakula na lishe shuleni, nao unataka kamati kama yetu isimamie jambo hilo. Tunakubali wajibu wetu. Kila mzazi hapa huchangia debe moja la mahindi na kisado cha maharage au kunde kwa mtoto kwa mwaka. Ila huku kwetu mvua ni msimu mmoja tu. Ikikatika Februari, hakuna debe, hakuna kisado.

Tumewahi kuonja msaada wa aina nyingine. Miaka ya 2000 Mpango wa Chakula Duniani ulikuwa ukileta chakula katika shule za mikoa hii ya kati. Wadogo zangu walikunywa uji ule na mahudhurio yalikuwa mazuri. Mradi ulipoisha, uji nao uliisha, kwa sababu unga haukuwa umetoka kwenye mashamba yetu. Ndiyo maana tulifurahi sana maafisa wako na watu wa mfadhili walipokuja kijijini miaka miwili iliyopita. Walitueleza kwamba ruzuku hii ni tofauti: itajenga jiko na ghala, na itanunua nafaka kwa wakulima wa kata yetu ili shule ipate chakula na mkulima apate soko. Tulipiga makofi. Tukaambiwa wananchi nao wachangie nguvu. Tukafyatua tofali, tukasomba mawe na mchanga, kina mama wakachota maji ya ujenzi kwa ndoo kwa wiki sita. Boma la jiko na ghala tulilifikisha hadi usawa wa lenta kabla fedha yoyote ya mradi haijafika. Orodha ya waliofanya kazi ninayo kwenye daftari, siku kwa siku.

Yafuatayo ndiyo yanayotusumbua.

1. Fedha zinafika wakati nafaka imeshaondoka kijijini

Naomba hoja hii isomwe kwa makini kuliko zote, kwa sababu mengine mengi yanatokana nayo.

Huku tunavuna kati ya Mei na Juni. Wiki hizo mahindi yapo kila ua, mtama na uwele unafuata, na bei iko chini kabisa. Mkulima ana madeni ya mbegu, ana mtoto wa sekondari anayetakiwa vifaa, na dalali ameshaegesha lori barabarani. Anauza. Anauza kwa lumbesa, gunia limeshonewa kilemba juu, nalo linahesabiwa gunia moja. Kufikia Agosti sehemu kubwa ya mavuno imeshapelekwa soko la nafaka la Kibaigwa na kwingineko.

Fedha za ruzuku zilitufikia lini? Mwaka wa kwanza, Februari. Mwaka wa pili, Machi. Miezi hiyo ndiyo ya njaa huku kwetu, vihenge vimebaki vumbi, na aliye na mahindi ni mfanyabiashara wa mjini. Kamati yangu ilinunua debe kwa karibu mara mbili ya bei ambayo mimi mwenyewe niliuzia mwezi Juni. Sina hakika, lakini huenda nilinunua kwa fedha za mradi mahindi yaleyale niliyoyalima. Ruzuku iliyotajwa kuwa ya mkulima wa kata yetu ikaishia kumlipa mlanguzi tofauti ya bei, na mtoto akapata nusu ya chakula ambacho fedha hizo zingeweza kununua.

Hesabu yenyewe ni hii. Tuna wanafunzi takriban 400. Wenzetu wa Kenya katika mpango wao wamekuwa wakitumia kipimo cha gramu 150 za nafaka na gramu 40 za jamii ya kunde kwa mtoto kwa siku. Tukitumia kipimo hicho, kwa siku tunahitaji kilo 60 za mahindi na kilo 16 za maharage au kunde. Siku za masomo ni 194 kwa mwaka. Jumla ni magunia 116 ya mahindi na magunia 31 ya kunde, gunia la kilo 100. Mwaka wa mvua za kawaida, nafaka hiyo ipo ndani ya kata hii mwezi Juni, na inabaki. Shule yetu ina njaa kwa sababu siku chakula kilipokuwepo hakuna aliyekuja na fedha kukinunua.

Tumeambiwa chanzo ni mzunguko wa fedha. Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai, na miezi ya mwanzo fedha hutoka kwa shida. Naelewa. Lakini mavuno yetu yanaangukia wiki za mwisho za mwaka wa fedha, wiki zilezile ambazo ofisi nyingi huhangaika kukamilisha matumizi kabla vitabu havijafungwa. Nafaka iliyonunuliwa Juni na kuingia ghalani ni matumizi yaliyokamilika, yenye stakabadhi, yanayoweza kukaguliwa kwa macho. Kinachohitajika ni mtu mmoja ofisini kwako aamue mwezi Machi kwamba fungu la nafaka halitaguswa mpaka mahindi yakauke.

2. Wapo watoto wanaokaa na kuangalia wenzao wakila

Chakula kikiwa kidogo, shule inalazimika kuchagua. Kengele ya saa nne inapogongwa, mwalimu wa zamu anasoma orodha ya watoto ambao wazazi wao wamechangia. Hao wanapanga foleni na vikombe vyao. Waliobaki wanaambiwa wacheze. Ndugu Mkurugenzi, mtoto mwenye njaa hachezi. Wanakaa kwenye msingi wa darasa, na macho yao yako kwenye sufuria.

Mwezi wa pili nilikuwa jikoni kusaidia. Nilimwona binti wa darasa la tatu, anayelelewa na bibi yake, akienda bombani wakati wenzake wanakunywa uji. Alikunywa maji, akalowesha midomo, akajifuta kwa kiganja kama wanavyojifuta wenzake, halafu akarudi kukaa kati yao. Hakutaka wajue kwamba hakunywa. Ana miaka tisa. Siku ile nilishindwa kuendelea na kazi, nikatoka nikaenda nyuma ya jiko.

Simlaumu mwalimu. Akiwapa wote, unga unaisha Jumatano, na waliochangia watasema wamedhulumiwa. Lakini ruzuku hii iliombwa kwa idadi ya wanafunzi wote wa shule. Kwenye andiko la mradi yule binti amehesabiwa. Kwenye foleni hayumo.

3. Wapishi

Wapishi wetu ni wawili, kina mama, wanaamka saa kumi alfajiri. Bajeti waliyotusomea siku ya uzinduzi ilikuwa na posho yao. Hadi leo wamelipwa kwa vibaba vya mahindi kutoka kwenye mchango wa wazazi, yaani kutoka kwenye sufuria hiyohiyo ya watoto. Mmoja ana kikohozi kisichoisha kwa sababu ya moshi, maana jiko banifu lililoahidiwa halijafungwa na bado tunapikia mafiga matatu ndani ya boma lisilo na paa. Kila mtoto anakuja na gogo la kuni Jumatatu. Serikali ilitangaza mwaka 2023 kwamba taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa. Sisi tunalisha zaidi ya hao, na vifaa vya kutuwezesha kutii agizo hilo vimo kwenye bajeti ya ruzuku, lakini hatujaviona.

4. Hatujui fedha zimetumikaje

Simtuhumu mtu kwa wizi, na naomba asitokee wa kunisomea hivyo. Nasema hatujui. Tunachojua ni tulichokiona: semina za siku mbili na tatu mjini, ambazo mimi nilihudhuria moja na kulipwa nauli na posho, mabango mawili yenye nembo, gari la mradi, wageni waliopiga picha kwenye bustani ya mchicha tuliyoipanda wiki moja kabla hawajaja. Katika semina ile tulifundishwa makundi ya vyakula. Ni elimu nzuri, lakini mama wa Kigogo anayepika ugali wa uwele na mlenda wa karanga anajua kulisha mtoto. Alichokosa ni uwele na karanga, na fedha ya semina ile moja ingenunua magunia.

Tumeomba mchanganuo wa mapato na matumizi mara tatu. Mbao za matangazo zipo, ya kijiji na ya shule. Sisi wenyewe kwenye kamati, kila mwezi tunabandika debe ngapi zimeingia na ngapi zimetumika, na mzazi yeyote anaweza kuja kuuliza. Tunaomba ngazi ya juu ifanye vivyo hivyo.

5. Unga unatoka mjini

Machi mwaka huu tuliletewa unga wa mahindi na maharage kutoka kwa mzabuni wa mjini. Maharage yalikuwa makuukuu. Yalichemka tangu alfajiri hadi saa nane mchana bila kuiva, kuni zikaisha, watoto wakarudi nyumbani. Kijijini tuna mashine mbili za kusaga na kikundi cha kina mama kilichosajiliwa chenye choroko na kunde. Hawakuulizwa.

Ndugu Mkurugenzi, majibu nitakayopewa nayafahamu kwa sababu nimeshapewa mengi yao.

Nitaambiwa sheria ya manunuzi hairuhusu kununua kwa mkulima asiye na namba ya mlipakodi, asiye na mashine ya risiti na asiyesajiliwa kwenye NeST, mfumo wa manunuzi ya umma kwa mtandao. Ni kweli sheria ipo na lazima ifuatwe. Lakini sheria hiyohiyo inataka asilimia 30 ya manunuzi ya umma itengwe kwa makundi maalumu, yaani wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Kikundi cha kina mama wetu kina katiba, kina akaunti na kina cheti kutoka kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa halmashauri hiihii. Wakulima wanaweza kukusanya nafaka kupitia wao. Mtume afisa manunuzi wako aje na kompyuta yake siku mbili, awasajili hapa kijijini. Ni kazi ndogo kuliko kutafuta mzabuni kila mwaka.

Nitaambiwa mahindi ya wakulima yana sumukuvu, ile sumu itokanayo na ukungu. Hoja hii naiheshimu kuliko zote. Mwaka 2016 watu walikufa katika mkoa wetu na Manyara kwa kula nafaka yenye sumu hiyo, na hakuna mama wa Dodoma anayeweza kulichukulia jambo hilo kwa wepesi. Lakini kununua mjini si kinga, kwa sababu mahindi ya mjini nayo yametoka shambani kwa mtu, na hakuna aliyetuonyesha cheti cha kupimwa. Kinga ni kukausha juu ya turubai badala ya udongo, kupima unyevu usizidi asilimia 13 kabla ya kuhifadhi, na kutumia mifuko isiyopitisha hewa kama ile ya PICS. Yote hayo yanafanyika vizuri zaidi nafaka ikinunuliwa Juni, tukiiona inakauka, kuliko Machi ikiwa imeshapita maghala manne yasiyojulikana. Mtupe kipima unyevu kimoja na maturubai, na Afisa Kilimo wa kata asimame siku ya kupokea.

Nitaambiwa kamati za vijiji haziwezi kusimamia fedha nyingi. Kenya mwaka 2009 walianza kupeleka fedha kwenye akaunti za shule ili shule zinunue nafaka karibu nazo. Nao wamewahi kulia kwa sababu ya fedha kuchelewa, kama tunavyolia sisi, lakini kamati za wazazi na walimu zilinunua, zikapika. Brazil, sheria ya mwaka 2009 ililazimisha angalau asilimia 30 ya fedha za Serikali kuu za chakula cha shule zinunue kwa wakulima wadogo wa kifamilia. Huko wamelifanya kuwa sheria. Sisi tunaomba tu liwe agizo la halmashauri.

Na nitaambiwa wazazi ni wazito kuchangia. Wapo wazito, na kamati imewafuata hadi nyumbani. Lakini msitie kwenye kapu moja mzazi asiyetaka na bibi asiye na kitu. Rwanda wanamtaka mzazi wa shule ya msingi achangie faranga 975 kwa muhula, na sehemu kubwa inayobaki inabebwa na Serikali, hivyo watoto wanakula pamoja. Halmashauri zetu zimeshaweza kutenga shilingi 1,000 ya lishe kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano. Yule mtoto akifikisha miaka sita tumbo lake halibadiliki.

Kwa hiyo, kwa niaba ya kamati na wazazi waliotia saini kwenye daftari letu, tunaomba haya:

(a) Mchanganuo kamili wa ruzuku hii, kiasi kilichopokelewa, kilichotumika kwa shule yetu na kilichobaki, ubandikwe kwenye mbao za matangazo za shule na kijiji kabla ya tarehe 15 Mei.

(b) Fungu la nafaka na kunde la mwaka huu liingie kwenye akaunti ya shule kabla ya tarehe 10 Juni. Mahindi yameshatoa mbelewele na mwaka huu yanaonekana kuzaa. Likichelewa tena, hatutasaini fomu ya kupokea unga wa mjini bila kuandika sababu zetu pembeni.

(c) Ununuzi uanzie ndani ya kata, kwa bei iliyokubaliwa mbele ya mkutano, kwa mizani na si kwa lumbesa.

(d) Wapishi walipwe malimbikizo yao, na paa la jiko na ghala likamilishwe kabla ya nafaka kuingia. Tofali zetu zimekaa mvua mbili. Ya tatu zitayeyuka.

(e) Kuanzia muhula wa Julai, chakula kinachonunuliwa kwa ruzuku kiliwe na watoto wote bila orodha kusomwa. Suala la wadaiwa wa michango tuachieni sisi na serikali ya kijiji. Tutawadai wazazi, hatutawadai watoto.

Kwa wasimamizi wa mradi upande wa mfadhili, nina ombi moja. Fomu zenu za taarifa huuliza watu wangapi wamehudhuria mafunzo. Ongezeni swali la siku ngapi kati ya zile 194 sufuria ilitoka motoni na kila mtoto akapata. Jibu tunalo, tunaandika kila siku.

Mkutano mkuu wa kijiji utafanyika Jumamosi ya mwisho ya Mei, saa tatu asubuhi, kwenye uwanja wa shule. Ajenda ya tatu ni chakula cha shule, na nafasi yako ya kuzungumza imeandikwa. Ukipata dharura, tafadhali mtume mtu atakayekuja na vitabu vya hesabu za mradi, mwenye mamlaka ya kujibu. Usafiri wa mwisho kurudi mjini unaondoka saa kumi. Tutahakikisha anauwahi.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mwenyekiti,
Kamati ya Chakula ya Shule.